Badminton Shuleni na Visiwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Ukurasa huu ni wa walimu wa michezo, wazazi, na vijana wa fukweni na visiwani mwa Ziwa Victoria wanaotaka kuanzisha badminton mahali ambapo hakuna ukumbi wala bajeti ya maana. Kifaa cha kurushwa tunakiita kinyoya, hata kikiwa cha nailoni. Kuchezea mmoja kwa mmoja na wawili kwa wawili tumeandika hivyo hivyo, kwani ndivyo inavyosemwa uwanjani.

## Kabla ya kuanza

Shule yetu haina ukumbi. Si tungoje kwanza?

Msingoje. Ukumbi unahitajika kwa mashindano makubwa, lakini mtoto wa darasa la nne hahitaji ukumbi ili ajifunze kushika raketi, kurusha na kupokea. Ardhi iliyosawazishwa ya mita 16 kwa 8 inatosha uwanja mmoja kamili pamoja na nafasi ya kukimbilia pembeni. Adui wa kweli ni upepo, na una dawa zake (tazama sehemu ya upepo na hewa).

Klabu nyingi za shule hazifi kwa kukosa uwanja. Zinakufa kwa sababu mbili: vinyoya vimeisha, au mwalimu pekee aliyejua mchezo amehamishwa. Yote mawili tumeyajibu huku chini. Ukisoma majibu mawili tu katika ukurasa huu, soma hayo.

Huu si mchezo wa klabu za matajiri mjini?

Ndivyo ulivyojulikana kwa muda mrefu, kwa kuwa kumbi zilikuwa za klabu. Lakini badminton iko katika michezo ya shule za upili nchini, ina chama chake cha kitaifa, Badminton Kenya, na imekuwa mchezo kamili wa Olimpiki tangu Barcelona mwaka wa 1992. Mzazi akikuuliza unawapotezea watoto wakati kwa nini, mwambie pia kwamba mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mmoja kati ya mikondo mitatu ya shule ya upili ya juu, iliyopokea Gredi ya 10 ya kwanza Januari 2026.

Tununue nini kwa darasa la wanafunzi 45?

Msinunue raketi 45. Raketi 16, vinyoya vya nailoni 24 (na 12 vya akiba), neti moja, na kamba ya mita 25 vitawatosha kwa muhula, mkipanga vituo (tazama swali la wanafunzi wengi na uwanja mmoja). Ongezeni tairi mbili kuukuu za kusimamishia nguzo, chaki, na utepe wa kupimia wa mita 20 au zaidi. Utepe wa fundi cherehani hautafaa, utawapa uwanja uliopinda.

Kosa la kawaida ni kutumia fedha zote kwa raketi na kuacha vinyoya vya wiki mbili. Kwa kila shilingi ya raketi, weka kando nyingine ya vinyoya.

Mwalimu ambaye hajawahi kucheza anaweza kufundisha?

Anaweza. Shirikisho la Badminton la Dunia lina mpango wa shule unaoitwa Shuttle Time, wenye mipango 22 ya masomo iliyoandikwa kwa walimu wasio wachezaji, na video za kuonyesha. Vitabu na video hivyo ni vya bure. Masomo 10 ya kwanza yanatosha mwaka mzima wa kipindi kimoja kwa wiki, kwa sababu mengi utayarudia.

Pakua video mjini penye mtandao mzuri kabla ya kuvuka kwenda kisiwani.

Watoto waanze wakiwa na umri gani?

Miaka 6 au 7, kwa puto kwanza, kisha kinyoya. Raketi ya kawaida ina urefu wa karibu sentimita 67, ndefu mno kwa mtoto wa umri huo. Mfundishe aishike juu zaidi kwenye mpini, karibu na shingo, mpaka mkono ukue.

## Uwanja, neti na nguzo

Vipimo kamili ni vipi?

Urefu ni mita 13.40 na upana mita 6.10 kwa wawili kwa wawili. Kwa mmoja kwa mmoja upana ni mita 5.18. Mstari mfupi wa kuanzishia uko mita 1.98 kutoka kwenye neti, kila upande. Mstari wa nyuma wa kuanzishia wa wawili kwa wawili uko sentimita 76 ndani ya mstari wa mwisho. Kila mstari una upana wa sentimita 4, na unahesabiwa kuwa ndani ya eneo unalolizunguka. Kwa hiyo pima hadi ukingo wa nje wa mstari.

Neti ni sentimita 155 kwenye nguzo na sentimita 152.4 katikati. Kateni kijiti cha sentimita 152.4 na kukifunga kwenye nguzo kwa uzi, kisipotee. Kabla ya kila mchezo mtu mmoja anasimama katikati na kukipimia.

Tunachoraje uwanja wenye pembe mraba bila fundi?

Pigeni kigingi pembe ya kwanza. Vuteni mita 13.40 kwa upande mmoja na kupiga kigingi cha pili. Kutoka kila kigingi tafuteni pembe nyingine ya mita 6.10, kisha pimeni mshazari: lazima uwe mita 14.72 pande zote mbili. Mishazari ikitofautiana, uwanja umelala upande. Sogezeni vigingi viwili vya upande mmoja, vyote kwa pamoja, mpaka ilingane. Msikubali tofauti ya zaidi ya sentimita 2.

Mistari yote ikiunganishwa ni takriban mita 100. Kwenye saruji, kwa upana wa sentimita 4, hiyo ni mita 4 za mraba tu, hivyo lita moja ya rangi hutosha mikono miwili. Kwenye udongo au majani, jivu au unga wa chaki hufutika kwa mvua moja. Kamba ya katani iliyopigiwa misumari ya mabati iliyokunjwa kama herufi U hudumu zaidi. Igandamizeni ardhini kabisa, la sivyo mtoto atajikwaa. Chokaa ya kujengea msitumie: ikiingia machoni inachoma.

Nyavu za samaki zinaweza kuwa neti?

Zinaweza, lakini si kila wavu. Wavu wa ngege au mbuta una matundu makubwa, kinyoya kinapita katikati na ugomvi unaanza. Wavu wa omena unakizuia vizuri, ila matundu yake ni madogo kuliko ya neti rasmi (milimita 15 hadi 20), kwa hiyo unashika upepo kama tanga. Ukiuacha umesimama usiku kucha, asubuhi utakuta nguzo zimelala.

Mpeni fundi wa nyavu wa ufukweni kipande kikuukuu kilicho kizima. Akate ukanda wa sentimita 76 kwa urefu wa mita 6.10 au zaidi kidogo. Juu ashonee kitambaa cheupe cha sentimita 15 kilichokunjwa mara mbili, kikiwa cha sentimita 7.5, na kamba ipite ndani ya mkunjo. Gunia jeupe la unga lililofuliwa linafaa. Msiache pengo kati ya neti na nguzo. Na wavu uliotupwa ufuliwe kwanza, harufu ya omena huvuta paka na nzi mpaka darasani.

Nguzo tutengeneze vipi?

Bomba la chuma la inchi mbili, sentimita 155 juu ya ardhi, lililosimamishwa ndani ya tairi kuukuu la gari dogo lililojazwa zege: saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Likauke siku saba likiwekewa maji. Lita 20 za zege zina uzito wa karibu kilo 48, kwa hiyo nguzo inabiringishwa, haibebwi. Nguzo zikae juu ya mistari ya pembeni ya wawili kwa wawili, na tairi litokeze nje ya uwanja, si ndani.

Neti ikilegea katikati kila siku, tatizo ni nguzo zinazoinamia ndani. Fungeni kamba ya nyuma kutoka kichwani mwa nguzo hadi kigingi cha nje.

Visiwani ni rahisi zaidi: fundi wa mitumbwi atawachongea nguzo mbili za mbao na kuzichimbia sentimita 60 ardhini.

Tumepewa ukumbi wa kanisa mara moja kwa wiki. Tuangalie nini?

Urefu wa dari kwanza. Kwa mafunzo ya shule mita 5 hadi 6 zinavumilika, ingawa lobu (mapigo ya juu) zitagonga boriti. Pili, ukuta mweupe nyuma ya mchezaji hukificha kinyoya: tundikeni shuka la rangi ya samawati au kijani. Tatu, taa ya juu ya uwanja humpofusha anayetazama juu, afadhali taa za pembeni. Nne, saruji iliyong'arishwa ikiwa na vumbi huteleza kama sabuni. Pigeni deki kwa kitambaa kibichi dakika 10 kabla, si maji ya kumwaga.

Viatu vyeusi vya ngozi vya shule visiingie. Afadhali raba za soli laini, hata za bei ya chini.

## Upepo, jua na hewa

Upepo wa ziwa kila jioni unatuharibia. Tufanye nini?

Jueni saa zake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani, ukikua nguvu baada ya adhuhuri. Usiku na alfajiri hugeuka, hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mara nyingi kwa upole. Kwa hiyo saa moja hadi saa tatu asubuhi ndio wakati bora wa vinyoya halisi Kisumu, Mbita, Usenge na visiwani. Shuleni hamwezi kuacha masomo, basi wikendi ziwe za mechi, na alasiri za katikati ya wiki ziwe za mazoezi ya karibu na neti, ambapo kinyoya hakikai hewani.

Mwelekeo wa uwanja una mvutano wake. Kwa ajili ya jua, uwanja ulale kaskazini hadi kusini, ili asubuhi na jioni mtu asitazame jua. Lakini hapo Kisumu upepo wa ziwa unatoka magharibi, utapiga ubavuni na kusukuma vinyoya nje. Suluhisho ni kuweka uwanja upande wa mashariki wa jengo refu la madarasa au safu ya miti, jengo likinge upepo. Msikaribie ukuta kupita kiasi: upepo ukiruka paa hushuka kwa kuzunguka, na mita 3 kutoka ukutani hapachezeki.

Penye upepo wa urefu wa uwanja, badilisheni upande kila mmoja anapofika pointi nusu ya mchezo. Anayecheza kwa kuelekea upepo apige kwa nguvu na juu. Mwenye upepo mgongoni apige chini na karibu. Ni somo zuri la mbinu, msilichukulie kama adhabu tu.

AirBadminton ni nini, na inafaa huku kwetu?

Ni aina ya badminton ya nje iliyozinduliwa na shirikisho la dunia mwaka wa 2019, yenye kinyoya cha plastiki kilichoundwa kuhimili upepo wa hadi takriban kilomita 12 kwa saa. Uwanja wake kwa wawili kwa wawili au watatu kwa watatu ni mita 16 kwa 6, na mita 2 za kwanza kila upande wa neti ni eneo lisilochezwa, kwa sababu dropu (pigo la kudondosha kinyoya) karibu na neti haitabiriki nje. Neti ni sentimita 155 kwenye ardhi ngumu au majani, na 145 kwenye mchanga. Mchezo ni wa pointi 11, bora ya michezo mitano.

Visiwani, penye mchanga wa ufuo, hii ndiyo tunaipendekeza kwanza. Watatu kwa watatu huchezesha watu sita kwenye uwanja mmoja, na mchezaji mmoja haruhusiwi kupiga mara mbili mfululizo kwa upande wake, hivyo mwenye nguvu hawezi kuwameza wenzake. Tatizo ni upatikanaji wa vinyoya vyake. Vikikosekana, chezeni sheria hizo hizo kwa kinyoya cha nailoni chenye utepe mwekundu (cha kasi) asubuhi.

Kwa nini vinyoya huenda mbali sana Nakuru?

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na Ziwa Victoria karibu mita 1,134. Hewa ya juu ni nyepesi, haikishiki kinyoya, basi kinaenda mbali. Joto nalo huipunguzia hewa uzito. Ndiyo maana kinyoya kinachotulia Mombasa kitatoka nje Nakuru.

Vinyoya vya manyoya vina namba: 75 ni cha polepole, 79 cha kasi. Nakuru anzeni na 75, Kisumu 76. Vya nailoni hutofautishwa kwa rangi ya utepe: kijani ni polepole, samawati ni wastani, nyekundu ni kasi. Nakuru na nyanda za juu nunueni kijani.

Kisha pimeni, msiamini utepe tu. Mchezaji mwenye nguvu ya kawaida asimame kwenye mstari wa mwisho, apige kutoka chini kwa nguvu zote kuelekea juu na mbele. Kinyoya kianguke sentimita 53 hadi 99 kabla ya mstari wa mwisho wa upande wa pili. Kikipita, ni cha kasi mno. Kinyoya cha manyoya mnaweza kukipunguza kasi kwa kukunja ncha za manyoya manne kuelekea nje kidogo. Kwa mafunzo ni sawa, kwa mashindano msiguse bila refa.

Radi ikianza?

Magharibi ya Kenya radi za alasiri si mzaha. Mngurumo wa kwanza tu, wote waache raketi na kuingia darasani. Msirudi kabla dakika 30 hazijapita tangu mngurumo wa mwisho. Wasijikinge chini ya mti wala karibu na nguzo za chuma.

## Vinyoya na raketi

Nailoni au manyoya?

Nailoni kwa mafunzo yote ya msingi na ya nje. Manyoya kwa timu ya shule, ndani ya ukumbi, wiki chache kabla ya mashindano. Kinyoya halisi kina manyoya 16 na uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50, kinashuka kwa mwinuko mkali, na mchezaji aliyezoea nailoni pekee atapiga mapema siku ya mechi. Lakini mwanafunzi anayeanza hukivunja kwa mapigo machache, kwa kuwa anakigonga ubavuni badala ya kwenye kizibo (kichwa chake cha mviringo).

Vinyoya vyetu huisha kabla ya katikati ya muhula. Tufanyeje?

Hili ndilo swali lenyewe. Vinyoya haviishi kwa kuchezwa tu. Huisha kwa kukanyagwa, kupotelea kwenye miti na paa, na kwa watoto kuvichezea bila raketi. Tumieni utaratibu huu:

Kila kipindi mwanafunzi mmoja ni karani wa vinyoya. Anatoa 12, anaandika, na kipindi hakifungwi mpaka 12 zirudi, hata vilivyovunjika. Vilivyovunjika havitupwi, vinaenda kwenye mfuko wa pili kwa zoezi la kurusha kwa mkono na la kulenga shabaha. Kinyoya kilichochakaa kabisa bado kina kizibo, na vizibo vinafaa kwa michezo ya kulenga ya watoto wadogo.

Kinyoya kikinaswa kwenye mti, msikipige kwa raketi. Hapo ndipo raketi nyingi hufa. Mti wa mwanzi wa mita 4 uwepo kando ya uwanja.

Asubuhi za baridi Nakuru, nailoni hukakamaa na kupasuka. Vishikwe mikononi au vikae kwenye mifuko ya sweta dakika chache kwanza. Vya manyoya, kinyume chake, hukauka. Usiku kabla ya mechi pitisheni mvuke wa birika upande wa manyoya kwa sekunde chache, kofia ya mkebe irudishwe, na mkebe usimame mpaka asubuhi. Mvuke usiguse kizibo, gundi italegea.

Idadi yenyewe: kwa wanafunzi 45, vipindi viwili kwa wiki, wekeni vinyoya 24 vya nailoni kwa kuanzia na 12 vya akiba ambavyo mwalimu mkuu ndiye mwenye ufunguo wake. Akiba ikifunguliwa, ndiyo siku ya kuagiza vingine. Mkisubiri iishe mmeshachelewa, hasa mnaoagiza kwa basi kisha boti.

Raketi ipi, na hudumu vipi?

Fremu ya chuma au alumini kwa wanaoanza: nzito kidogo lakini haivunjiki ikigonga sakafu. Fremu ya kaboni yenye ufa, hata mdogo, itavunjika siku ya kufungwa nyuzi upya, basi fundi akikataa kuifunga msimlaumu. Kwa wanaoanza nyuzi zivutwe kilo 8 hadi 10. Zikivutwa zaidi, mtoto hapati mwendo wa kinyoya na uzi hukatika haraka.

Msizihifadhi chini ya mabati. Kwenye stoo ya mabati jua la mchana hulegeza nyuzi na kupinda fremu zilizolaliana. Zitundikwe. Panya nao wanapenda vishikio vyenye jasho, basi ziwe mbali na gunia la mahindi.

## Kufundisha

Wanafunzi 45, uwanja mmoja. Wote wachezeje?

Gawanyeni vituo vitatu vya watu 15, dakika 10 kila kimoja. Kituo cha kwanza ni uwanja wenye neti. Kituo cha pili ni kamba ya mita 24 iliyofungwa kwa urefu wa sentimita 150, yenye nguzo ya mbao kila mita 6 isilegee, na vitambaa vya rangi vikining'inia ili ionekane. Kamba hiyo inawapa viwanja vidogo 8 vya upana wa mita 3, wawili kwa kila kimoja, wakipigiana kwa umbali mfupi. Kituo cha tatu hakina raketi: kurusha kinyoya kama jiwe la kuwinda ndege, kuruka pembeni, kusogea mbele na mguu wa upande wa raketi.

Raketi 16 hazitoshi vituo viwili vya raketi kwa wakati mmoja? Kituo cha kwanza kichezwe na watu 4 wenye raketi, wengine 11 wahesabu, wakusanye vinyoya na kubadilishana kila pointi 5. Cha pili wagawane raketi 12, wawili wawili, na watatu waliobaki wabadilishane.

Makosa gani ya mwanzo hukaa kwa miaka?

Kushika raketi kama kikaango, uso wa raketi ukitazama dari. Mtoto hupata vinyoya kadhaa vya mbele, anafurahi, na baadaye hawezi kugeuza mkono. Mwambie aishike kama anayesalimiana na mtu: kidole gumba na cha shahada vinatengeneza herufi V juu ya ukingo mwembamba wa mpini. Kwa mpigo wa nyuma, kidole gumba kinalala kwenye ubapa mpana.

Lingine ni kuanzisha kwa kurusha kinyoya juu kama volibali. Kinyoya kishikwe kwa ncha za manyoya, kizibo chini, kiachiwe tu, na raketi ikifuate. Mtoto akikikosa mara tatu, mwache aanzishe kwa mkono na mechi iendelee. Kipindi kilichojaa makosa ya kuanzisha humchosha kila mtu.

Wasichana huanza wengi kisha wanatoweka. Kwa nini?

Mara nyingi ni saa. Kipindi cha jioni kinagongana na kuchota maji na mapishi nyumbani. Kiwekeni mara tu masomo yanapoisha, karibu saa tisa na nusu alasiri, na kiishe saa kumi na nusu bila kupita. Mpeni msichana kazi ya unahodha au ukarani wa vinyoya mapema, na muwe na mwalimu wa kike uwanjani hata kama hachezi. Wavae suruali za mazoezi wakitaka, hakuna sheria ya mchezo inayolazimisha sketi.

Mwanafunzi mwenye ulemavu achezeje?

Badminton ya walemavu iliingia Paralimpiki Tokyo, mashindano ya 2020 yaliyofanyika 2021, na ina madaraja ya viti vya magurudumu, ya miguu, ya mkono na ya kimo kifupi. Shuleni, anayetumia kiti acheze nusu uwanja mmoja kwa mmoja, na kinyoya kinachoanguka kati ya neti na mstari mfupi wa kuanzishia kihesabiwe nje. Ardhi ngumu ni lazima, kwenye udongo tifutifu kiti hakigeuki. Mwenye mkono mmoja anaweza kuweka kinyoya juu ya nyuzi za raketi na kukirusha ili kuanzisha mazoezini.

Pointi zinahesabiwaje?

Tangu 2006 mchezo ni wa pointi 21, bora ya mitatu, na kila mkwaju (kupigiana tangu kuanzisha hadi mmoja akose) una pointi bila kujali aliyeanzisha. Ikiwa 20 kwa 20, anayetangulia kwa pointi mbili anashinda, na ikifika 29 kwa 29, ya 30 inaamua. Aliye na pointi shufwa anaanzisha kutoka kulia, witiri kutoka kushoto. Wakati wa kuanzisha, kinyoya chote kiwe chini ya sentimita 115 kutoka ardhini: pigeni alama kwenye nguzo, refa mtoto ataona bila kubishana.

## Visiwani

Vijana wetu huvua omena usiku. Mazoezi yawe lini?

Fuateni mwezi. Omena huvuliwa kwa taa, na mwezi mpevu ukiwaka taa hazivuti samaki, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa. Hizo ndizo siku za mechi na mafunzo marefu. Siku za giza, anayerudi alfajiri atalala asubuhi, basi msiweke mazoezi kabla ya saa tisa alasiri. Kalenda ya mwezi itundikwe ofisi ya kamati ya ufuo.

Uwanja ufukweni ni wa nani?

Ongeeni na kamati ya usimamizi wa ufuo kabla ya kupiga kigingi. Ardhi tambarare ya mchanga ndiyo pia inayoanikiwa omena, na mama aliyetandaza nyavu zake asubuhi hana sababu ya kuziondoa kwa ajili yenu. Kubalianeni saa na mipaka, na uwanja uwe wa kamba inayoondolewa.

Tukivuka kwa mechi Mbita au Kisumu, tuangalie nini?

Vukeni asubuhi na mrudi kabla ya upepo wa alasiri kukomaa. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea, asilikalie, na idadi iandikwe kabla boti haijaondoka. Vinyoya na raketi ziwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa ndani ya begi. Fremu za chuma zikirowa maji ya ziwa na kuachwa, hupata kutu. Na baada ya mechi wasijitose ziwani kuondoa jasho: kichocho kiko huko.

## Mashindano na mambo ya pembeni

Timu ya shule inaingiaje mashindano?

Kupitia katibu wa michezo ya shule wa kaunti ndogo, kuanzia ngazi ya kanda, kisha kaunti ndogo, kaunti, mkoa (Nyanza, Magharibi au Bonde la Ufa), taifa, hadi Afrika Mashariki. Ulizeni kalenda mwanzoni mwa mwaka, pamoja na nyaraka za umri zinazotakiwa. Ngazi ya kanda shule zenye badminton huwa chache, na mara nyingine timu hupanda bila kucheza. Usifurahie hilo, utaumia ngazi ya juu. Tafuteni mechi za kirafiki.

Tuna wachezaji 16, viwanja viwili na asubuhi moja. Ratiba?

Msitumie mtoano tangu mwanzo: watoto wanane watarudi nyumbani baada ya mechi moja, na waliovuka kwa boti watakasirika kwa haki. Wekeni makundi manne ya wanne. Kila kundi lina mechi 6, jumla 24. Washindi wa makundi wacheze nusu fainali mbili na fainali moja, jumla mechi 27. Mchezo mmoja wa pointi 15, dakika 10 kila mechi pamoja na kubadilishana, ni kama saa mbili na robo kwa viwanja viwili. Wanaorudi visiwani wachezeshwe kwanza.

Kinyoya kikigusa boriti au tawi, au kikinaswa kwenye neti?

Kwa kanuni, kugusa dari ni kosa la aliyepiga, lakini waandaaji wanaweza kutunga kanuni ya mahali kwa sababu ya jengo. Itangazeni kabla ya mechi ya kwanza, si baada ya ugomvi. Kinyoya kikipita juu ya neti kisha kikanaswa, mkwaju unarudiwa, isipokuwa wakati wa kuanzisha: hapo ni kosa.

Mwalimu wetu wa badminton amehamishwa. Klabu imekwisha?

Imekwisha ikiwa yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo, daftari na namba ya muuzaji wa vinyoya. Tangu siku ya kwanza wawepo walimu wawili na wanafunzi wanne wa madarasa ya chini wanaojua kupiga vipimo, kufunga neti na kuendesha vituo. Daftari moja libaki ofisini: idadi ya raketi, vinyoya vilivyobaki, vipimo vya uwanja, jina la fundi wa neti, tarehe za kanda. Mwalimu akipata barua ya uhamisho, makabidhiano yafanywe uwanjani wakati wa kipindi, neti ikiwa imefungwa na vinyoya vikihesabiwa mbele ya karani.